Bi. Hjordis na Sharti la Kumi na Tisa

Bi. Hjordis Tveit ana miaka tisini na moja, na hajawahi kukubali kitu kwa kuulizwa mara moja. Ukitaka kumpa kahawa, mara ya kwanza atasema hapana. Mara ya pili atasema usijisumbue. Ya tatu atasema basi, kidogo tu, kisha atamaliza birika zima. Huku kwetu kaskazini mwa Wisconsin ndivyo tulivyolelewa sote, lakini yeye amezidi. Nimewahi kumwona akikataa mwavuli mara mbili huku mvua inamtiririka puani.

Anayeandika haya ni mimi, Verna Sletten, karani wa kijiji cha Sorby kwa miaka ishirini na miwili. Ofisi yangu hufunguliwa Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Naomba msomaji azishike siku hizo, maana zitakuja kuniumbua.

Bi. Hjordis aliolewa akiwa na miaka ishirini, akavuka Kijito cha Ellingson na sanduku moja la nguo, na hadi mkasa huu ulipoanza hakuwa amelala ng'ambo nyingine ila alipokwenda kujifungua. Nyumba yake iko peke yake mwisho wa barabara, msitu nyuma, kinamasi mbele. Marehemu mumewe, Palmer, ndiye aliyetandika bomba chini ya barabara ili kijito kipite, miaka zaidi ya sitini iliyopita. Lilikuwa bomba kuukuu la boila. Nikamuuliza bibi siku moja kama Palmer aliomba kibali.

"Aliomba," akasema. "Alikuja jikoni na viatu vya matope, akaniuliza kama naona sawa. Nikamwambia chakula kinapoa. Basi, kazi ikaanza."

Bomba hilo la kibali cha jikoni lilitufaa hadi Aprili ya mwaka juzi. Theluji iliyeyuka kwa pupa, kijito kikafura, bomba likang'oka na kuelea kuteremka na maji. Barabara ikabaki na pengo la kumeza lori. Kwa miguu bibi aliweza kuvuka kwa mbao alizotandikiwa, akishikwa mkono na kugombana na anayemshika. Kwa gari, ilikuwa ni kuzunguka kwa njia ya wakata miti, dakika hamsini, na njia hiyo kuanzia Novemba hufungwa na theluji hadi Aprili.

Sasa, Bi. Hjordis ana moyo ambao daktari anausikiliza kwa kukunja uso. Mwanawe mkubwa, Roald, anayeishi Minneapolis, alikuwa ameshachagua chumba kwenye nyumba ya wazee karibu naye, chenye dirisha la kutazama maegesho ya magari. Alimuuliza mama yake mara tatu, akakataliwa mara tatu. Akauliza ya nne, jambo ambalo kwetu ni sawa na kutukana. Lakini mwanawe mdogo, Delmar, ambaye hajawahi kumsukuma mtu kwa lolote, naye alimwambia kwa upole, "Mama, gari la wagonjwa haliwezi kuruka." Bibi akafuta meza ambayo tayari ilikuwa safi. Kisha akasema: theluji ikianguka na barabara haipo, nitakwenda.

Amesema, na Bi. Hjordis akishasema amesema. Nilikuwepo jikoni kwake siku hiyo, na nakiri niliona vibaya sana, nikasingizia kitunguu wakati hakuna aliyekuwa akikata kitunguu.

Delmar ndiye mwenye kijiko, ile mashine kubwa ya kuchimbia, hapa Sorby, kwa hiyo kazi ya kuweka kalavati jipya la kupitisha maji chini ya barabara ikawa yake. Ana miaka sitini na tatu, ni mtu wa maneno machache, na karatasi anazichukia kuliko mbu. Ndipo kibali cha jimbo cha kufanya kazi kijitoni kilipofika, Agosti inakwisha, kikiwa na masharti thelathini na moja kwa herufi za kuumiza macho. Nikajitolea kumchapia upya kwa herufi kubwa. Akakitia kwenye mfuko wa plastiki, akakitundika pembeni ya kiti cha kijiko.

Tukakisoma pamoja, na nilidhani ataugua. Sharti la kumi na mbili: mashine ioshwe kabla ya kukaribia kijito, isije ikaleta mbegu za magugu ya ziwa jingine. Delmar alikiosha kijiko mara mbili, hadi mkewe akaniambia kuwa gari la nyumbani halijawahi kuonjeshwa heshima ile. Sharti la kumi na tano: kwenye kinamasi mashine isimame juu ya majukwaa ya mbao, isikanyage tope. Lakini sharti lililotunyima usingizi ni la saba: kuanzia tarehe kumi na tano Septemba hadi katikati ya Mei, hakuna kugusa maji, kwa kuwa samaki aina ya trauti wanataga. Maana yake kijito kizibwe kwa viroba vya mchanga, maji yapitishwe pembeni kwa pampu, kalavati likae mahali pake na maji yarudi, vyote kabla ya tarehe hiyo. Usipowahi, subiri mwakani. Na mwakani bibi angekuwa anatazama maegesho ya magari.

Halafu kulikuwa na la kumi na tisa. Eneo letu lina kobe wa msituni, wenye miguu ya rangi ya chungwa, ambao wanalindwa na sheria. Sharti lilitaka uzio wa plastiki kila upande wa kijito ili kobe wasiingie kwenye kazi. Akikutwa kobe ndani, kazi isimame, atolewe, uzio wote ukaguliwe, karatasi ijazwe, picha itumwe kwa mkaguzi wa jimbo, jibu lingojewe. Kwa ufupi, kobe mmoja alikuwa na bei ya nusu siku.

"Kobe ana akili," Delmar akasema. "Ataona uzio, atageuka."

Hakugeuka. Jumatano ya wiki ya kwanza ya Septemba, Delmar alimkuta amekaa kwenye tope lililokauka, katikati kabisa ya kazi, akimtazama. Kazi ikasimama hadi saa saba mchana. Alhamisi, kobe ndani. Ijumaa, kobe ndani. Jumamosi tena. Jumapili tulikwenda kanisani, na sina hakika Delmar aliomba nini, ila midomo yake ilikuwa inatetemeka. Jumatatu, kobe. Jumanne, kobe.

Mara sita. Siku tatu nzima zimeliwa na mnyama asiyezidi kilo moja.

Mimi kila siku ya ofisi hupitia pale kwanza, saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kuchukua karatasi zilizokusanyika kutoka kwenye kisanduku kilichopigiliwa nguzoni. Nilizigonga mihuri karatasi zote zilizonifikia. Nilizisikitikia. Hata nilimwambia mume wangu kuwa kuna mtu mzembe pale kwenye uzio.

Jumanne jioni Delmar akanipigia simu. Akasema mkaguzi anakuja kesho. Akasema zimebaki siku nne, Jumatano hadi Jumamosi, na kazi iliyobaki ni ya siku nne kamili. Kisha akaongeza, "Mama ameanza kufunga vyombo kwenye magazeti, Verna. Vile vikombe vya buluu."

Nilipokata simu nilikaa mezani, nikaanza kuwaza juu ya kobe. Na ndipo nikakumbuka mikono yangu.

Kwetu, tangu mtoto ana miaka mitatu, hufundishwa jambo moja barabarani: ukikuta kobe anavuka, simamisha gari, mbebe, umvushe upande ule anaoelekea. Usimrudishe alikotoka hata kidogo, atakuja tena na safari hii atakanyagwa. Baba yangu aliwahi kusimamisha trekta la nyasi, mvua imeshaanza, ili kumvusha kobe. Hatufikirii. Ni mikono tu.

Na mimi asubuhi ya Jumatano ile, nikifungua kisanduku, niliona kobe kaegemeza pua yake kwenye plastiki, kaelekea kijitoni, anakwangua. Maskini wa Mungu, nikasema. Nikambeba, nikainua mguu, nikamweka upande wa pili wa uzio. Nikafuta mikono kwa sketi, nikaenda zangu kazini nimefurahi. Ijumaa vilevile. Jumatatu vilevile. Na karatasi ziliponifikia, nilijua kwa moyo wangu wote kuwa yule aliyekutwa ni kobe mwingine, maana wangu alikuwa ameshafika mtoni.

Watu wa kwetu hawakiri makosa. Huoka. Usiku huo nilioka keki ya malimao, sinia zima.

Asubuhi nilimkuta mkaguzi ameshafika. Anaitwa Pakou Xiong, binti wa miaka kama thelathini, wa jamii ya wahamiaji Wahmong, mzaliwa wa hapahapa jimboni, mpole, mwenye buti kubwa kuliko yeye. Alikuwa ametandaza picha sita juu ya boneti ya pikapu ya Delmar.

"Tazameni hapa nyuma ya gamba, kushoto," akasema. "Pamemeguka. Zote sita. Ni huyuhuyu mmoja."

"Uzio nimeukagua kwa magoti," Delmar akasema. "Hata panya hapiti."

"Basi huyu anaruka."

"Au ana ngazi."

"Jamani, nani anataka keki?" nikasema.

Delmar akalitazama sinia, kisha akanitazama mimi. "Verna, kuna msiba?"

"Hakuna."

"Mbona keki?"

"Mtu hawezi kuoka keki?"

"Sinia zima? Siku ya kazi?"

Nikaliweka sinia juu ya picha. "Delmar, sijui hata kama ni jambo la kusema. Alikuwa anaelekea huko."

"Nani?"

"Kobe."

Nimefanya kazi na Delmar miaka ishirini na miwili na sijawahi kumwona akivua kofia isipokuwa kanisani. Aliivua. "Wewe ndiye uliyenichapia sharti lenyewe."

"Najua."

"Kwa herufi kubwa."

"Najua, Delmar."

"Kwa wino mzito!"

Pakou alitugeuzia mgongo akawa anakitazama kinamasi, lakini mabega yake yalikuwa yanacheka.

"Mara ngapi?" Delmar akauliza.

"Tatu. Siku za ofisi."

Akahesabu kwa vidole. "Amekutwa mara sita."

"Basi tatu si zangu. Dhambi zangu nazijua idadi."

"Hizo nyingine ni zangu," sauti ikasema kutoka ng'ambo.

Bi. Hjordis alikuwa amesimama upande wake wa kijito, nyuma ya uzio, ameshikilia kigari chake cha kutembelea, kile chenye kikapu mbele. Sijui alikuwa amesikiliza kwa muda gani. Masikio yake hufanya kazi anapotaka yeye.

"Mama!" Delmar akasema.

"Anakuja huku kwangu siku moja, siku inayofuata hayupo," bibi akasema. "Nilidhani anakwenda na kurudi, kama watu wengine wenye kazi zao. Nikimkuta hapa anakwangua plastiki yako, namweka kikapuni, namtafutia pembe iliyo chini, namshusha. Leo si zamu yangu. Leo yuko kwenu."

Tukageuka. Kweli alikuwepo, hatua tano kutoka kwenye kisanduku changu, pua kwenye plastiki, anaelekea kijitoni. Mikono yangu iliinuka yenyewe nikaifunga kwapani.

"Sasa hebu nieleweshe, Bwana Delmar," Pakou akasema. "Ukimkuta ndani, unamtolea upande gani?"

Delmar akakodoa macho. "Upande anaoelekea. Upande gani mwingine?"

Ndipo nikaifuata safari yote ya kobe kichwani. Mimi namwingiza kutoka huku. Delmar anamtolea kule. Bibi anamwingiza kutoka kule. Delmar anamtolea huku. Watu wazima watatu wenye nia njema tulikuwa tumemchezesha mpira mnyama wa watu wiki nzima, na goli tulikuwa tunafungwa sisi.

"Lakini sharti linasema," Pakou akasema, "apelekwe kwenye maji, kijito kinakoteremkia baada ya eneo la kazi, nje ya uzio. Anachotaka ni maji. Nyie mnampa barabara."

"Halisemi hivyo," Delmar akasema, akaenda kuleta mfuko wake wa plastiki. Alisoma hadi mwisho wa ukurasa. Kisha akaufungua mfuko, kwa mara ya kwanza nadhani, akageuza karatasi. Mstari wenyewe ulikuwa nyuma, juu kabisa, peke yake. Herufi zangu zilikuwa kubwa mno.

"Keki ni nzuri," Pakou akaniambia, akitafuna. Ndipo nikajua kuwa ana huruma.

Delmar hakunigombeza. Alisema neno moja tu, "Haya," akambeba kobe kwa mikono miwili, akateremka naye kufuata kijito, hatua mia mbili, akamwachia pale maji ya pampu yanaporudi mtoni. Aliporudi, suruali imelowa, alisimama akitazama ng'ambo kwa mama yake. "Siku nne," akasema. "Akirudi hata mara moja, tumekwisha."

"Kibali kinaruhusu mlinzi wa kobe," Pakou akasema. "Mtu mmoja, jina lake linaandikwa, anaangalia uzio tangu asubuhi na kujaza daftari. Akimwona kobe nje, anamwita mtu ampeleke majini, na kazi haisimami. Awe mtu mwenye subira tu, na asiye na shughuli nyingine." Akapaza sauti kuelekea ng'ambo. "Bibi, utaweza kutulindia kobe?"

"Hapana, hapana," Bi. Hjordis akasema. "Mimi mzee, nitawazuieni."

"Tungefurahi sana, bibi."

"Msijisumbue kwa ajili yangu. Tafuteni kijana."

 Wageni wengi huishia hapo. Husema sawa, huondoka, na jambo hufa. Lakini Pakou amezaliwa huku, na nyanya yake naye, aliniambia baadaye, hukataa mara mbili vilevile. Alijifuta makombo mdomoni, akauliza ya tatu.

"Basi," Bi. Hjordis akasema, "kidogo tu."

Alipewa kizibao cha kung'aa kilichomfika magotini, daftari, na kiti. Kile kiti alikikataa mara mbili. Shingoni alivaa darubini ya Palmer ya kutazamia ndege, ili aone na upande wetu. Siku nne alikaa pale kuanzia saa kumi na mbili asubuhi, na sijaona mlinzi wa benki aliyekaza uso namna ile. Mimi alinikataza kukaribia uzio. Nilipofika Ijumaa kuchukua karatasi, alinyoosha kidole kutoka ng'ambo akasema, "Mikono, Verna!" na ikabidi niionyeshe.

Jumamosi, tarehe kumi na nne, kalavati lilikuwa limelala mahali pake, pana, theluthi yake imezama chini ya sakafu ya kijito ili samaki wapite bila kujua wanapita ndani ya bomba. Saa kumi na moja jioni Delmar alitoa viroba vya mwisho. Maji yalisita kidogo, yakaingia, yakatokea upande wa pili. Pakou alichota kwenye chupa, akainyanyua juani.

"Si mbaya," akasema.

Kwetu hakuna sifa iliyo juu ya hiyo. Delmar aliona haya, akajifanya anatafuta kitu ndani ya kijiko. Ng'ambo, mama yake alipiga makofi mara moja tu, kisha akaandika daftarini. Wiki iliyofuata barabara ilijazwa kokoto, na gari la kwanza kuvuka lilikuwa pikapu ya Delmar, imebeba boksi la vile vikombe vya buluu, ambalo lilikuwa limeshavushwa hadi varandani kwake, linarudi kabatini kwa mama.

Gari la wagonjwa lilivuka Februari, moyo wa Bi. Hjordis ulipomgomea, theluji ikifika kiunoni. Lilimfikia baada ya dakika kumi na moja. Daktari alisema zingekuwa ishirini asingemkuta hai. Alilazwa, kisha akapelekwa kwenye wodi ya kujifunza kutembea upya, na Roald alikuja kutoka Minneapolis na karatasi za kile chumba chenye dirisha. Machi yote hatukujua kama atarudi kwake. Nilikwenda kumtazama, akaniuliza habari za uzio kabla ya habari za mume wangu. Nilipoaga, alinishikilia mlangoni saa nzima kama ilivyo ada ya kuagana kwetu, na nililia garini bila kusingizia kitunguu.

Kibali hakifungwi hadi nyasi ziote kwenye kingo, kwa hiyo uzio ulibaki, na daftari lilibaki likining'inia kwenye msumari wa varanda ya bibi. Mei mwishoni niliambiwa nikusanye kila kitu nipeleke jimboni. Daftari nililisoma nikiwa nimesimama, kalamu ya Bi. Hjordis, herufi zilizolala.

Jumatano: Kobe amepelekwa mtoni na Delmar. Hakuaga.

Alhamisi: Hajaonekana. Verna pia hajaonekana, ni vizuri.

Ijumaa: Verna kaja. Mikono mitupu.

Jumamosi: Maji yamerudi. Si mbaya.

Chini yake ukurasa ulikuwa mweupe, wazi majira yote ya baridi. Kisha mstari mmoja, mkono unatetemeka zaidi kidogo kuliko zamani:

Tarehe tano Mei. Kobe karudi. Na mimi nimerudi.